Kadi ya Kapulana

Habari ya kifo cha Anselmo niliipata kwa ujumbe wa sauti, kutoka kwa mtu aliyekuwa anatafuna kitu huku anaongea. Nilikuwa ofisini Pemba, kwenye kikao cha kupanga kikao kingine, nikasogeza simu sikioni nikijifanya nafunga kiatu. "Dotora," sauti ilisema, jina walilonipa kwa ajili ya shahada yangu, "yule mkubwa wenu wa mafunzo ya fedha hatunaye tena. Wanamzika kwao Mueda. Sisi wa huku hatuwezi kufika, usafiri wenyewe haueleweki. Tunakutana hapo mtaa wa Natite Jumapili, kwa dada yake Muaija. Na Muaija mwenyewe yupo mjini, kaja kikazi. Usikose. Na maswali yako uyaache nyumbani." Aliyekuwa anaongea ni Lázaro, mwalimu wa hesabu kutoka Diaca, mtu ambaye hata akitangaza msiba lazima akuchokoze kidogo. Nilicheka, kisha nikaona wenzangu wa kikao wananitazama, kisha nikajikuta nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya siku ile. Ilikuwa ya mwaka mmoja wa nyuma ambao nilidhani nimeshaumaliza.

Habari za kwetu nitaziruka, hazina neno katika jambo hili. Inatosha kusema nilikuwa nimetoka chuo kikuu Nampula na shahada ya uchumi, katika umri ambao mtu anaamini kwamba swali zuri likiulizwa kwa sauti ya kutosha lazima atapatikana wa kulijibu. Mradi mmoja wenye makao yake kusini ulikuwa unatafuta vijana wanaojua lugha za pwani, wawafunze walimu wa shule za msingi namna ya kuwafundisha watoto mambo ya fedha: kupanga matumizi, kuweka akiba, kutofautisha hitaji na tamaa, kujua benki ni nini. Walimu wangesoma kwetu kwa mizunguko mwaka mzima, na mwishoni kila mmoja angefundisha somo moja la majaribio mbele ya msimamizi kutoka Maputo. Kitabu kilikuwa cha Kireno, chenye picha za watoto wanaotabasamu mbele ya nyumba zenye vioo. Kazi yangu ilikuwa kukisema kwa lugha ya watu. Nilikubali kwa sababu nilihitaji mshahara, lakini pia kwa sababu nilidhani ningeweza kukibadilisha nikiwa ndani yake. Sijui nani alinidanganya hivyo. Nadhani hakuna, nilijidanganya mwenyewe.

Chumba tulichopewa kilikuwa maabara ya zamani ya shule moja ya Mocímboa da Praia. Watu waliokimbizwa na vita walikuwa wanarudi mjini kidogo kidogo, kila ukipita mtaani unaona nyumba nyingine imefunguliwa, mtu anafagia, mtu anapigilia bati. Paa la maabara lilikuwa jipya na kuta zilipakwa rangi ya krimu, lakini mvua ikinyesha harufu ya moshi wa zamani ilitoka chini ya rangi na kukaa nasi hadi jioni. Meza zilikuwa za zege, zimejengewa masinki yasiyo na mabomba, na walimu wakayafanya masinki hayo mahali pa kuwekea mikoba na sufuria za chakula. Siku moja aliwekwa humo mtoto mchanga, juu ya shuka lililokunjwa, akalala usingizi mzito kupita somo zima la bajeti, na Lázaro akasema huyo peke yake ndiye aliyetumia muda wake vizuri. Tulikuwa na mashine ya kuonyesha picha ukutani, ila ilihitaji jenereta, na jenereta ilinguruma kiasi kwamba ukiona picha husikii maelezo, na ukisikia maelezo huoni picha. Anselmo alijaribu siku ya kwanza tu. Siku ya pili alizima vyote, akatoa chaki kwenye kibweta cha miwani alichokuwa akiibebea, akaanza kuandika ukutani.

Anselmo alikuwa mkuu wangu, mtu wa nyanda za juu, Mkristo, mwalimu wa miaka mingi aliyevaa tai hata siku za joto la kuyeyusha mafuta. Alinichosha sana. Nilikuwa namletea kitabu nimekipigia mistari kila ukurasa. "Mzee Anselmo, hapa wanasema mtoto aweke akiba benki apate faida kidogo kila mwezi. Nusu ya darasa ni Waislamu wa pwani. Wataniambia hiyo ni riba, tutajibu nini?" Naye angevua miwani, akafuta, akaivaa tena. "Tutasema kitabu kinasema." Ningemwambia hilo si jibu. "Si jibu," angekubali. "Ni mshahara. Binti yangu, mimi ni bomba tu. Maji yanaingia huku yanatokea kule. Ukitaka kujua yametoka wapi, ondoka ukayafuate." Nilimwona mwoga. Leo naona alikuwa mtu aliyekwisha kupiga kelele mahali pengine, zamani, kabla sijamjua, na sauti ikamwishia huko. Hilo halinifanyi nikubaliane naye.

Chakula cha mchana ndicho kilichonifundisha zaidi kuliko kitabu. Jirani wa shule alitupikia: xima, ugali wa huko, na samaki wa nazi, siku nyingine matapa ya majani ya muhogo, samaki akikosekana maharage. Tulikula barazani nyuma ya maabara, wanaume upande mmoja, wanawake upande mmoja, na mimi katikati nikijifanya sisikii. Siku za mshahara nusu ya wanafunzi wangu hawakuwepo. Benki ya mjini ilikuwa imeungua na ile nyingine haijafunguliwa, kwa hiyo mwalimu akitaka mshahara wake alipanda gari hadi Palma au Mueda, akapanga foleni, akalala huko kwa jamaa, akarudi na vumbi kwenye nyusi, darasa lake likiwa limekaa bila mtu. Wakala wa fedha za simu alikuwepo sokoni, lakini kila ukimfikia anakwambia salio limeisha. "Wanatufundisha kuweka fedha benki," nilimsikia mwanamke mmoja akisema huku akichambua mwiba. "Za kwangu ziko benki siku zote. Nifundisheni kuzitoa." Kicheko chao kiliwafanya kunguru waruke kutoka ukutani. Nilipoingia ndani niliandika barua pepe kwa msimamizi, nikaeleza tatizo lile aya kwa aya, na jibu likaja baada ya siku nyingi: wamepokea, wanashukuru kwa mchango wangu, nisisahau kutuma orodha ya mahudhurio.

Mwanamke yule wa mwiba ni Muaija. Alikuwa mkubwa wangu kwa umri wa dada mkubwa kabisa, mwembamba, mwepesi wa kejeli, mwanamke wa pwani ambaye familia yake imeishi hapo tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Alifundisha darasa la nne kwa mkataba, na mkataba ulikuwa unaisha na mwaka wa shule. Hapo ndipo mradi wetu ulipoharibika tangu mwanzo, kwa maoni yangu. Ofisi ya elimu ilikuwa imetangaza kwamba walimu wa mkataba watakaofaulu mafunzo yetu watakuwa wa kwanza kuongezewa mkataba hapo hapo mjini, na wengine watasubiri popote pengo litakapotokea, Mucojo, bara, au mahali ambapo hata njia yake haisemeki. Muaija alikuwa amerudi kutoka ukimbizini na watoto wanne na mama mkwe, amesimamisha vyumba viwili, cha tatu kikiwa bado miti mitupu. Akikosa mkataba, ama awaache wote hapo, ama awafungashe tena. Kila mtu darasani aliijua hali yake, kwa kuwa wengi walikuwa nayo. Na ukishamwambia mtu kwamba nyumba yake inategemea jibu lake, hatakupa jibu lake. Atakupa la kwako. Nilimwambia Anselmo hivyo. Akasema, "Andika barua pepe."

Zoezi la kadi lilikuja mzunguko wa tatu. Ukutani Anselmo alichora mstari wa chaki, kushoto akaandika mahitaji, kulia akaandika matakwa. Kila mwalimu alivuta kadi yenye picha kwenye mfuko na kuibandika upande anaoona ndio. Maji yalikwenda kushoto, soda ikaenda kulia, dawa kushoto, na mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kusinzia mpaka Muaija alipovuta kadi ya kapulana. Ilikuwa picha ya kile kitambaa cha kujifunga kama kanga, chenye maua mekundu, kimekunjwa vizuri. Aliitazama, akaigeuza nyuma kana kwamba maelezo yamechapwa huko, kisha akauliza, "Imekatwa au haijakatwa?"

"Nini?" alisema Anselmo.

"Kapulana. Hapa imekunjwa, haionekani. Imekatwa au haijakatwa?"

Wanawake wote waliinua vichwa kusubiri. Anselmo alitazama karatasi ya majibu, akasema hapo hakuna habari ya kukatwa. Muaija akacheka. "Basi aliyechora hii hana mke." Akaeleza, zaidi kwa ajili ya Lázaro ambaye alikuwa ameanza kuguna. Kapulana unayovaa ni nguo: umeitenganisha, umeipinda ukingo, imeonja maji, haina bei tena. Lakini ile pea ambayo mbili bado zimeshikana, ina karatasi yake ya dukani, imelala sandukuni, hiyo si nguo. Mtoto akiugua inatoka pea. Harusi ya jirani, inatoka pea. Mtu kafa, inatoka pea. Yeye alipokimbia hakuchukua sufuria wala godoro, alichukua fuko la kapulana kichwani, na huko ukimbizini Metuge alikuwa akiuza moja moja hadi watoto wakafika shule. "Pea ya mwisho sikuuza," alisema. "Ilimfunika mama alipokwenda makaburini." Akaibandika kadi kushoto, kwenye mahitaji, akarudi kukaa.

"Panya wanakula nguo," Lázaro alisema.

"Na moto unakula benki, kaka."

"Hata kapulana zinaungua!"

"Zinaungua ukiziacha. Wewe benki ungeibeba kichwani?"

Maabara nzima ilivuma. Lázaro mwenyewe alipiga meza kwa furaha, maana alikuwa mtu anayependa kushindwa vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika karatasi ya majibu, na karatasi ilisema: kapulana, matakwa, matumizi yasiyo ya lazima. Alama sifuri. Nilitazamana na Anselmo. Alinyanyua kadi taratibu kutoka kushoto, akaibandika kulia, na kwa sauti ile ile ya siku zote akasema, "Kwa mujibu wa kitabu." Kicheko kilikatika. Walimu wote waliinama wakaandika kwenye madaftari yao: kapulana, matakwa. Muaija naye akaandika.

Jioni ile nilimfuata Anselmo hadi kwenye nyumba tuliyopangishiwa na mradi. Alikuwa anamenya muhogo, tai imelegezwa. Nikamwambia tumefanya upuuzi, kwamba tumewasahihisha watu kwenye jambo wanalolijua wao na sisi hatulijui, kwamba nimesoma kozi nzima ya chuo kuhusu mali na akiba na sijasikia mtu akieleza kitu kwa uwazi kama ule. Aliendelea kumenya. "Kwetu juu," alisema, "mama yangu alikuwa nazo sanduku mbili. Unadhani mimi sijui?" Nikamwuliza kwa nini basi alihamisha kadi. Alisema mtihani utasahihishwa na watu wa Maputo, si na mama yake, na mtu anayependa wanafunzi wake anawafundisha kile kitakachoulizwa. Jibu hilo lilinikera kwa sababu halikuwa la kijinga. Niliandika barua pepe nyingine. Safari hii msimamizi, ambaye tulimwita Dona Graça, alijibu mwenyewe kwa heshima zote: anaelewa hoja, inavutia sana, lakini kadi ni zile zile kwa mikoa yote, na majibu yakibadilishwa mkoa mmoja hawataweza kulinganisha matokeo. Niliisoma mara nyingi. Walitaka kujua watu wanaelewa nini kuhusu fedha, na ili wajue, ilibidi kwanza wote waseme kitu kimoja.

Nikapata wazo, na nililipenda mno. Somo la majaribio mwalimu alijichagulia mwenyewe kutoka sura yoyote. Nilimshauri Muaija achague sura ya mahitaji na matakwa, na afundishe habari ya iliyokatwa na isiyokatwa mbele ya Dona Graça, kwa ufasaha wake ule ule, watoto wakijibu wenyewe. Mtu akiona kwa macho, niliamini, hawezi kubaki na karatasi yake. Nilianza kwenda kwake alasiri. Tulikaa kwenye kile chumba kisicho na kuta, mama mkwe akipepeta mchele upande wa pili, Muaija akikaanga bagia za kuuza shuleni, nami nikimpangia somo: utanguliza hivi, utauliza hivi, mtoto akisema hivi utasema vile. Mara moja alifungua sanduku anionyeshe. Zilikuwa pea chache tu, alikuwa anaanza upya, lakini alizigusa moja moja akiniambia kila moja inasubiri nini. Hii ya mabati. Hii ya mtoto wa kwanza akifaulu kwenda sekondari. "Na hii?" niliuliza. "Hiyo sijui bado," alisema. "Lazima iwepo moja ambayo hujui." Nikafurahi, nikasema hilo nalo liingie kwenye somo. Mama mkwe akamwambia kitu kwa Kimwani, lugha yao, haraka na chini chini hata sikukidaka. Muaija akacheka. Nikauliza amesema nini. "Anauliza huyu mtoto anakula lini, kila siku anaongea tu."

Siku ya majaribio Dona Graça aliletwa na ndege ndogo na gari la ulinzi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini hakunipa nafasi. Alikuwa mwanamke mpole, ananuka dawa ya mbu, aliyesalimia kila mtoto mlangoni kwa mkono na kuuliza majina. Tuliketi nyuma ya darasa la nne, mimi nikiwa ubavuni mwake kumtafsiria. Anselmo alikaa karibu na dirisha. Muaija aliingia amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikawa ngumu, na kapulana mpya ya zambarau, akachora mstari wa chaki ubaoni. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili. Aliongoza vizuri sana, lazima niseme. Watoto walikuwa wengi kupita madawati, wengine sakafuni, na hakuna aliyepotea. Maji, kushoto. Peremende, kulia, kwa masikitiko. Daftari, kushoto. Kisha akamwita msichana mmoja wa nyuma, Atija, mdogo wa umbo, shati la sare limemzidi mabega. Atija alivuta kadi. Ilikuwa kapulana yenye maua mekundu.

Alisimama mbele ya ubao akiishika kwa mikono miwili. Hakwenda kushoto wala kulia. Kisha akageuka, akauliza kwa sauti ndogo lakini iliyosikika hadi kwetu, "Professora, imekatwa au haijakatwa?"

Sikumfundisha mimi. Muaija hakumfundisha. Aliuliza kwa sababu mtoto yeyote wa pwani ile angeuliza. Nyuma yake wengine walikuwa wameshaanza kubishana, "Haijakatwa, ona ilivyokunjwa," "Wewe, hata ya kuvaa inakunjwa." Dona Graça alinisogelea. "Amesema nini?" Nikamtafsiria, na kwa maneno machache nikaeleza. Aliandika kitu, akainua kichwa, akasema kwa Kireno, taratibu, "Swali zuri hilo." Kisha akakunja mikono mapajani kungoja mwalimu atasema nini. Mlango ulikuwa wazi. Nilitaka kusimama niseme, lakini halikuwa somo langu.

Muaija alimtazama Atija. Akamtazama Dona Graça, akaitazama ile kalamu. Kisha akasema kwa sauti changamfu ya darasani, "Kapulana ni nini, watoto? Tunaipenda, inapendeza, lakini tunaweza kuishi bila kununua nyingine. Kwa hiyo ni?" Akarudia, "Kwa hiyo ni?" na mkono wake ukaelekea kulia. "Matakwa!" darasa likaitikia. Atija alibaki amesimama. "Weka huku, mama," Muaija alimwambia kwa upole, akamgeuza bega. Atija akaibandika kulia, akarudi kukaa, na alipokaa aliitazama kadi ile, akamtazama jirani yake, akainua mabega. Wote wakapiga makofi. Dona Graça naye akapiga, akaandika tena, sikuona nini.

Nilimkuta Muaija nyuma ya maabara ananawa chaki kwa maji ya kopo. Sikumsalimu.

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini, dotora?"

"Mtoto kakuuliza swali lenyewe! Tumefanya kazi wiki nzima kwa ajili ya swali lile. Na yule mama alisema swali zuri, alikuwa anakusubiri wewe!"

"Alisema kwa Kireno, sikioni mwako. Mimi niliona kalamu tu."

"Ungejaribu."

"Ujaribu wewe." Alikung'uta mikono. "Umekaa kwangu, umekunywa chai yangu, umepanga, umefurahi. Nilikwambia nitafundisha vile? Sikia, mdogo wangu. Wewe ukikosea hapa, unarudi Nampula na shahada yako. Mimi nikikosea, nakwenda Mucojo na mama mkwe mgongoni. Sasa unanigombeza mimi?"

"Lakini umewaambia uongo."

"Nimewaambia kitabu." Halafu, kwa sauti nyingine, ya chini zaidi, "Unadhani sikumwona yule mtoto alivyoinua mabega?"

Alifaulu. Alama zake zilikuwa za juu kuliko wote wa mwaka ule, na mkataba ukaongezwa hapo hapo mjini. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira kwamba sikuwa na haki ya kuwa na hasira naye, nikaimwaga yote kwenye ripoti ya mwisho, kurasa na kurasa kuhusu ile kadi, kosa lake, maana yake, namna ya kuirekebisha. Niliandika kwamba ama kadi ioneshe kama imekatwa, ama mtoto aruhusiwe kuuliza. Anselmo alisoma, akaondoa matusi mawili, akatia sahihi. Hilo sikulitegemea. "Wataisoma?" nilimwuliza. "Safari hii, ndiyo," alisema. "Umeandika kwa ukali, ukali wanausoma." Kisha mkataba wangu nao ukaisha, na wangu haukuongezwa.

Natite, Jumapili ile ya msiba, watu walikuwa wamejaa barazani na ndani. Tulisoma dua, Lázaro na Wakristo wenzake wakamwombea kwa namna yao, wote pamoja chini ya feni isiyozunguka, kisha ikaja chai na mikate na hadithi za Anselmo na tai yake. Muaija alinifanyia nafasi pembeni yake kwenye mkeka. Alikuwa amenenepa kidogo, ikampendeza. Nikamwuliza kazi gani imemleta mjini. "Ile ile," alisema. "Wameniweka mkufunzi. Mimi ndiyo Anselmo sasa." Mradi umepata fedha upya, akaeleza, umekuja na vitabu vipya, na yeye amekuja kuvichukua. Nikamwuliza kuhusu kadi, kama waliirekebisha.

"Ripoti yako walisoma," alisema. "Hata Dona Graça alikutaja kwenye mkutano. Alisema kulikuwa na formadora, mkufunzi, mmoja makini sana, kagundua kwamba kadi ya kapulana inaleta mkanganyiko."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wameiondoa."

Nilidhani sijasikia. Alivuta mkoba wake uliokuwa ukutani, akatoa fungu la kadi mpya, zinang'aa, bado zina harufu ya wino, akazipekua kama mtu anayetafuta karata ya kucheza, akaniwekea moja pajani. Ilikuwa picha ya mtoto analamba aiskrimu.

"Nimekwisha kuijaribu Mocímboa," Muaija alisema. "Haina shida kabisa. Kila mtoto anaibandika kulia, hakuna hata mmoja anayeuliza kitu."

Akanimiminia chai nyingine, akanitazama hadi nikanywa.